Viroboto wa Ghorofa ya Tatu

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimekaa kwenye benchi la daktari wa mifugo, kikapu cha paka mapajani, najikuna mbele za watu bila haya. Haya ilikuwa imeshaniisha tangu kiroboto aliporuka kutoka kwenye kola yangu akatua juu ya daftari la mapokezi.

Kwa anayenikuta leo, nimfupishie mkosi wangu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule nyumbani kwangu, ghorofa ya tatu. Naishi na mama yangu mzazi na paka wake wawili. Mume aliondoka zamani, hayo niliyamaliza na sitaki kuyarudia. Nina binti mmoja tu, na binti huyo alikaa mwaka mzima hanisemeshi kwa sababu ya mdomo wangu. Kisha akajifungua mtoto wa kiume, akanipigia simu mwenyewe: "Mama, nakuja kupumzika hapo nyumbani miezi miwili."

Nililia jikoni mpaka chai ikakauka.

Mama mkwe wake hakutaka. Alikuwa ameshapaka rangi chumba, ameshanunua kitanda na chandarua cha mtoto. Lakini binti akashikilia anakuja kwetu, na siku ikapangwa, Jumamosi. Basi ndipo, wiki tatu kabla, viroboto wakaingia nyumbani kwangu kama waliosikia habari.

Nilipulizia dawa mara tatu. Mara tatu walirudi. Sasa ni Jumatatu na daktari ananiuliza.

"Umepulizia dawa gani?"

"Ya mende."

"Na paka umewapaka nini?"

"Sijawapaka kitu. Daktari, paka wangu hawatoki nje. Wanaishi ndani miaka yote hii, hata ngazi wameshaisahau."

"Wewe unatoka?"

"Natoka."

"Wateja wanaingia?"

"Wanaingia."

"Basi," akasema, akafungua droo. "Kiroboto hahitaji paka atoke. Anapanda na viatu vyako, na suruali ya mteja, na kitambaa. Akifika ndani akimkuta paka, amefika kwao."

Akanieleza kwamba wale ninaowaona wakiruka ni wachache tu. Wengi wao bado ni mayai na watoto waliojifunga ndani ya vifuko, wamelala kwenye zulia na magodoro na popote paka anapolala, na vifuko hivyo dawa ya kupuliza haiviui. Nilikuwa naua wakubwa, watoto wanaanguliwa, naanza upya. Kazi ya bure kabisa, na mgongo wangu ulikuwa ushahidi.

"Paka mmoja, kichupa kimoja, nyuma ya shingo pale asipoweza kulamba. Fua kwa maji ya moto kila wanacholalia. Vuta vumbi kila siku, wiki mbili, tatu, usichoke. Na tafadhali usije ukawapaka dawa ya mbwa. Ile inaua paka."

"Nani atafanya ujinga huo?" nikasema.

Dawa ya mbwa ilikuwa ndani ya pochi yangu. Nilikuwa nimeinunua asubuhi ile ile kwa sababu chupa yake ni kubwa. Niliisukuma chini kabisa, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikabeba kikapu changu.

Jumanne tukapaka dawa. Nasema "tukapaka" lakini aliyepaka ni mimi, Mama alikuwa upande wa paka.

Paka wenyewe ni Karani na Shemeji. Karani kwa sababu hukalia karatasi yoyote unayotaka kuisoma. Shemeji kwa sababu alikuja kutembea siku moja akakaa miaka mitano.

"Karani ana umri wa kuwa babu," Mama akasema, "na wewe unamtia sumu shingoni."

"Si sumu, Mama, ni dawa."

"Dawa inayoua wadudu ni nini kama si sumu?"

"Mama, nishikie tu miguu."

"Simshikii mtu miguu ili auawe."

Karani alitulia, mtu mzima yule. Shemeji alipanda juu ya kabati, akakaa huko saa mbili, na mimi nikakaa chini ya kabati saa mbili, mkono juu, kichupa kidoleni. Sare arobaini za watu zinanisubiri kwenye mashine. Alishuka aliposikia sauti ya sahani, nikamdaka, nikamaliza, nikabaki na mistari minne ya kucha kwenye mkono.

Baadaye Mama akalainika. Nilimpa kitana cha meno ya karibu karibu na bakuli la maji ya sabuni, akawa anawachana paka mapajani, kila akichana anainua kitana juu mbele ya macho yangu.

"Angalia, yumo?"

"Wamo wawili."

"Mimi sioni kitu. Macho gani haya." Akakitumbukiza kwenye bakuli. "Wazame huko, mbwa hawa."

Tukacheka. Nakwambieni hili kwa sababu ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka wote wawili, na ninalikumbuka.

Jumatano nilifua. Nilifua mapazia, mashuka, foronya, vitambaa vya makochi, zulia dogo, taulo, mpaka vitambaa vya kufutia vyombo. Sufuria kubwa ilikaa jikoni tangu alfajiri, inachemka, natia, natoa, natia. Nilikodi mashine ya kuvuta vumbi kwa waosha mazulia nikaipitisha kila ufa. Mama akaniruhusu chumba chake chote, isipokuwa mahali pamoja.

"Chini ya kitanda nimeshafagia mwenyewe."

"Mama, wewe kuinama huwezi."

"Nimeinama jana. Kwani hapa ni polisi?"

Nikaacha. Nilikuwa nimechoka mno kubishana na mtu aliyenizaa.

Alhamisi asubuhi nilivaa soksi nyeupe, ndefu, nikapita kila chumba taratibu. Ndiyo njia ya kuwajua. Wanarukia miguu, na juu ya cheupe huwezi kuwakosa. Sebuleni, hakuna. Jikoni, hakuna. Chumbani kwangu, penye kitanda nilichomtandikia binti, hakuna hata mmoja. Nilitaka kupiga vigelegele.

Nikaingia kwa Mama. Nilipotoka nilihesabu kumi na wawili.

Nikavua, nikavaa nyingine, nikarudi. Tisa.

Nikakaa kwenye kiti cha mashine yangu nikajishika kichwa. Godoro lilikuwa limevutwa vumbi. Mashuka yamechemshwa. Paka wamepakwa. Sasa hawa wanatoka wapi? Na hapo ndipo nilipogundua kwamba paka hawapo. Siku zote, chai ikishanywewa, Karani na Shemeji hupotea mpaka mchana, na mimi kwa miaka nilidhani wamelala mahali kama paka wengine.

Mama alikuwa jikoni na kikombe chake. Nikaingia chumbani kwake kwa vidole, nikalala kifudifudi, nikachungulia.

Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku kuukuu, kifuniko kimeegeshwa wazi kwa kipande cha mti. Ndani yake macho manne yananitazama. Na paka wale walikuwa wamelalia koti la baba yangu.

Mlikwisha kunisikia nikimtaja marehemu baba. Alikuwa fundi viatu, na koti lile la sufu alilivaa kila asubuhi ya maisha yake. Tulipomzika tuligawa nguo zote. Koti halikuonekana, tukasema basi, labda alipewa mtu hospitali.

"Usiliguse."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi.

"Mama. Ulikuwa nalo muda wote huu?"

"Ni langu."

"Wanalalia hapa kila siku?"

"Ndiyo. Walikuwa wanalala miguuni kwake akiwa hai, sasa wanalala hapa. Mimi ndiye ninayewafungulia. Kuna ubaya?"

"Mama, wiki tatu! Wiki tatu napiga deki, nafua, mikono imebabuka, na wewe umekaa kimya unajua hili lipo hapa chini?"

"Nilijua koti lipo. Viroboto sikujua. Mimi nawaona?"

Kweli, alikuwa hawaoni.

Akaweka kikombe juu ya meza, akaketi kitandani, sauti ikashuka. "Lina harufu yake. Gundi, na rangi ya viatu, na shingo yake. Miaka minne sijalitia maji. Kila usiku nikizima taa nashusha mkono nalishika. Ukilifua, mwanangu, ndiyo atakuwa ametoka kweli humu ndani."

Nilipiga magoti, nikamshika mikono.

"Silifui, Mama."

"Niapie."

"Nakuapia. Silitii maji. Nitatafuta njia nyingine."

Na njia niliitafuta, msinihukumu kabla ya wakati. Nilitoka kwenye ngazi nikampigia daktari. "Kuna kitu cha sufu hakiwezi kufuliwa," nikasema.

"Kifunge kwenye mfuko wa plastiki, kaza sana, kiweke kwenye friza siku saba. Wanakufa wote. Kitu chenyewe kinabaki vilevile."

"Hata harufu?"

"Kidogo itapungua. Lakini utaijua."

Friza sina. Lakini mtu wa ghorofa ya pili ninamjua, Mama Barafu, anayetengeneza barafu za juisi za vijiti akawauzia watoto wa shule. Nikashuka, nikamweleza yote, na mwanamke yule, Mungu amjalie, hakucheka.

"Lete," akasema. "Natoa barafu za upande mmoja sasa hivi, nazigawa kwa watoto, zikayeyuka basi. Koti la mzee wako lilale humo wiki nzima. Lete tu."

Hatua ishirini za ngazi. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki. Kupanda hatua ishirini, kutia koti kwenye mfuko, kushuka hatua ishirini.

Nilipofika juu Mama alikuwa ameingia kuoga. Nikachukua mfuko mkubwa wa plastiki, ule ninaotilia vipande vya vitambaa. Nikavuta sanduku. Paka wakatoka wananung'unika. Nikalibeba koti hadi jikoni ili nilikunje vizuri juu ya meza.

Simu ikalia. Mama mkwe wa binti yangu.

"Hujambo, mkwe?"

"Sijambo, mkwe. Habari za huko?"

"Njema. Nilitaka kukwambia Jumamosi namleta mwenyewe mzazi wangu. Nimesikia mna paka."

Nani alimwambia? "Wapo, lakini ni wa ndani, wasafi."

"Sina shaka. Ila mtoto hajatimiza hata siku arobaini, ngozi yake ni laini. Nitaingia, nitaangalia chumba, nitaangalia makochi. Mkwe, tusifichane. Nikiona kitu kinaruka, nageuka na mzazi wangu na mtoto wangu tunarudi nyumbani. Sitakaa hata kunywa maji."

"Karibu sana, mkwe," nikasema. "Hutaona kitu."

Nikakata simu. Nikaliinua koti, na viroboto walipohisi joto la mikono yangu wakatoka. Wasomaji wangu, walitoka kwenye mifuko, kwenye kola, ndani ya mikono ya koti, wakanipanda mpaka kwenye viwiko. Mmoja akaniuma kwenye kope la jicho.

Mfuko ulikuwa mkono wa kushoto. Na mbele yangu, palepale jikoni, sufuria niliyoibandika tena asubuhi ile nirudie mashuka ya Mama ilikuwa inachemka.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichonipata. Hofu ya kumkosa mjukuu? Ilikuwepo. Hasira kwamba Mama aliniacha nihangaike peke yangu wiki tatu? Nayo ilikuwepo. Lakini leo nasema ukweli kwa sababu ndiyo kazi ya ukurasa huu. Nilikuwa nimechoka. Maji yalikuwa yameshachemka, na ngazi niliiona ndefu.

Nikalitumbukiza.

Nikalisukuma kwa mwiko mpaka likazama lote. Nikamwaga sabuni. Maji yakageuka meusi, na harufu ikapanda na mvuke, gundi na rangi ya viatu, kwa nguvu, kana kwamba Baba ameingia jikoni kuuliza chai. Kisha ikaisha. Ikabaki ya sabuni.

Wenye kujua sufu wanajua kilichotokea. Mimi ni fundi wa nguo miaka ishirini na sita, sikuhitaji kuambiwa. Nilipolitoa lilikuwa limejikunja, limekaza, mikono imefupika. Baba alikuwa mtu wa miraba minne, na koti lake sasa lingemtosha mtoto wa darasa la pili.

Nililitundika kwenye kamba ya barazani. Sikujua pengine pa kuliweka.

Mama akatoka bafuni, khanga kifuani, akapita sebuleni, akaliona. Nilitegemea apige kelele. Nilitamani apige kelele. Alikwenda taratibu mpaka kwenye kamba, akalishika mkono mmoja wa koti, akaukamua maji kidogo, akaupeleka puani.

Akanusa. Akanusa tena, upande wa kola.

"Mama..."

Akalitungua likiwa linachuruzika, akaja nalo ndani, akaliweka juu ya cherehani yangu, juu ya sare za watu. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Jioni nikagonga. "Mama, chakula."

Mlango haukufunguliwa.

"Mama, nisamehe. Daktari alisema lazima lichemshwe. Hapakuwa na njia nyingine."

Mnasikia? Hivyo ndivyo nilivyosema. Sikulazimishwa na mtu. Ulinitoka tu, uongo huo, laini, umekunjwa vizuri, na nilipoutoa nikajisikia nafuu. Ndani ya chumba kitanda kililia kidogo, basi.

Ijumaa Mama alitoka mara mbili kwenda chooni na mara moja kuwapa paka maji. Salamu hakuna. Chai yangu aliikuta mezani akaiacha mezani. Mimi nikavaa soksi nyeupe nikapita chumba hadi chumba. Sebuleni, hakuna. Kwangu, hakuna. Kwa Mama nilipita yeye akiwa amekaa kitandani anatazama ukuta, nikatoka nikaangalia miguu.

Hakuna hata mmoja.

Nilikuwa nimeshinda, na sikuwa na wa kumwambia.

Jumamosi saa nne wakafika. Binti yangu mbele, amenenepa mashavu, amechoka macho, mzuri. Nyuma yake mkwe, mtoto mikononi, pua juu.

"Hodi hapa!"

"Karibuni, karibuni sana!"

Mkwe hakuketi. Alimkabidhi binti mtoto, akavua viatu, akaanza kazi. Aliinua mito ya makochi. Akavuta pazia, akalikung'uta. Akaenda chumbani, akakunja ncha ya godoro, akatazama mshono wake kwa makini kama mnunuzi. Akainama akaweka kiganja chake kwenye zulia, akakaa hivyo, akangoja. Mimi nimesimama, roho mkononi.

Akasimama.

"Mkwe," akasema, "nakuvulia kofia. Nyumba yangu mwenyewe haiko hivi."

Binti akacheka, akanisogelea, akanitilia mtoto mikononi. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Alipiga miayo, akafungua ngumi, akaifunga kwenye kidole changu, na uchovu wote wa wiki tatu ukaniishia miguuni. Nikasema moyoni, hata koti, basi, acha liende. Nilisema hivyo. Siwafichi.

Mlango wa Mama ukafunguka.

Alikuwa amevaa nguo za kutokea. Mkono mmoja begi, mkono mwingine kikapu cha paka, na paka wote wawili ndani, wamebanana.

"Shikamoo, Mama," mkwe akasema.

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari? Kile chumba mlichokuwa mmemwandalia mzazi, bado kina kitanda?"

"Kipo, Mama. Kitanda kipya kabisa."

"Nakiomba."

Mkwe akanitazama mimi. Akatazama kikapu. "Na... paka, Mama?"

"Wamepakwa dawa. Hawana kiroboto hata mmoja. Muulize fundi wao."

Mtu mzima akikuomba hivyo ana kwa ana, utamjibu nini? Mkwe wangu ana mambo mengi lakini heshima anayo. "Karibu, Mama," akasema kwa sauti ndogo, akapokea kikapu, akakishika mbali na nguo zake.

Mama akapita katikati yetu. Akambusu mjukuu wangu kwenye paji la uso akiwa mikononi mwangu, bila kuniangalia, akatoka mlangoni. Nikasikia viatu vyake kwenye ngazi. Mkwe akamfuata, amechanganyikiwa.

"Bibi!" Binti akakimbilia mlangoni. "Bibi, unakwenda wapi? Mimi nimekuja kwako!"

Akanigeukia. "Mama, kuna nini?"

"Hasira tu. Zitapita."

"Hasira za nini? Mama, sikiliza. Mimi nilipobishana kule nyumbani kwamba nakuja hapa, nilibishana kwa ajili ya Bibi. Nilitaka anifundishe kumshika mtoto, anikandie mgongo, anisimulie habari za babu. Wewe na mimi tungezoeana polepole. Bibi akiondoka mimi nitakaa hapa na nani?"

Akanyoosha mikono. Alikuwa anataka mtoto wake.

Nilimpa. Mikono yangu ikabaki vilevile, imejikunja, haina kitu.

"Umemfanya nini?" akauliza.

Tukatoka wote kwenye ngazi. Mama alikuwa ameshafika kwenye kona ya kati ya ngazi, amesimama, anapumua, mkono umeshika chuma cha ngazi. Mkwe hatua mbili chini yake, na kikapu.

"Nimelifua koti la babu yako," nikasema kwa sauti, Mama anisikie. "Alikuwa amelificha. Lilikuwa limejaa viroboto, binti yangu, sebule nzima wangerudi. Nilimpigia daktari mara ngapi! Akasema sufu ile lazima ichemshwe. Unadhani nilipenda? Ni koti la baba yangu pia. Hapakuwa na njia nyingine."

Machozi yakanitoka, na yalikuwa ya kweli, hilo ndilo linalonishangaza hadi leo.

Binti akalainika. "Bibi," akaita, "kama daktari ndiye aliyesema..."

Mama akageuza kichwa. Siku mbili hakuwa amenitazama usoni, sasa akanitazama. Macho yale mabovu yakanitafuta mpaka yakanipata.

"Daktari alisema hivyo?"

"Alisema, Mama."

"Lichemshwe?"

"Lichemshwe."

Kisha akashusha begi, taratibu, juu ya hatua ya ngazi. "Kama hapakuwa na njia," akasema, "basi hapakuwa na njia." Akaketi palepale kwenye ngazi, akajifuta uso na ncha ya mtandio. Mkwe naye akaweka kikapu chini, haraka, kwa furaha. Karani akalia humo ndani.

Nikaanza kushuka nimwinue mama yangu. Nilikuwa nimebakiza hatua tatu.

Mlango wa ghorofa ya pili ukafunguka, Mama Barafu akatokea, mikono imelowa, meno yote nje.

"Hongereni jamani! Mtoto amefika? Nimesikia sauti!" Akaniona mimi, akapiga makofi. "Na wewe jirani, una visa! Friza nimekutengea upande mzima tangu Alhamisi, barafu zote nimegawa, nafasi ya zile siku saba alizosema daktari, nakungoja mpaka leo. Koti la mzee mbona hukulileta?"

Akatutazama mmoja mmoja, tabasamu likamshuka, akaingiza mikono ndani ya aproni yake.

Mama akainuka. Alikataa mkono wangu, akajishika chumani, akasimama wima, akawa mrefu kuliko nilivyomwona kwa miaka.

"Mwanangu," akasema, "hebu rudia. Daktari alisemaje?"